Alama za Maregesi

Kaka Maregesi alipohamia Kahama
aliniachia pikipiki, deni la tairi la nyuma,
na simu yenye ufa kwenye kona ya kioo.
"Wateja wote wamo humo," alisema. "Fungua ramani."

Nikafungua.
Mwanza ikanitazama kwa nyota mia na ushei:
zimepanda vilima vya Mabatini, zimeteremka Igogo,
zimejibanza katikati ya mawe ya Isamilo,
kwenye vichochoro ambavyo havijapata
jina la kuitikia vikiitwa.

Kila nyota aliibatiza mwenyewe.
Mbwa Mweupe, Piga Honi Usishuke.
Mama Holo, Hulipa Akishauza Dagaa.
Ngazi Mia na Kumi na Mbili
(nimezihesabu nikiwa na mtungi begani:
ni mia na kumi na tisa).
Geti la Bluu.
Halafu, mtaa wa pili, Geti la Bluu la Kweli.
Mwalimu Ndalahwa, Jiwe Sebuleni.
Hili nililidhani utani, hadi nilipoingia
nikakuta jiwe zima, pana kuliko kabati,
nyumba imejengwa kulizunguka
na televisheni imetulia juu yake.

Wiki ya kwanza nilipotea mara nne.
Umebakiza mita kumi, inasema ramani.
Ni kweli, mita kumi.
Za kwenda juu.

Nikajifunza kubonyeza kidole na kukishikilia
mpaka alama ichomoze pale niliposimama nahema,
nikaandika zangu chini ya zake:
Pitia Kwa Fundi Cherehani.
Usimwambie Mumewe Bei.

Moja tu sikuielewa.
Ilikaa peke yake kwenye bluu,
mbali na Bwiru, mbali na visiwa,
mbali na yeyote anayepika kwa gesi.
Haikuwa na jina. Tarehe tu,
ya mwezi wa nane, mwaka juzi.

Nikampigia.
"Kidole kiliteleza," akasema,
na nyuma yake nikasikia mashine za kukoboa mpunga,
kisha nikasikia mashine peke yake.

"Ni ile siku tulimrudisha mama Nansio
kutoka Bugando. Wewe ulishuka chini kutafuta chai.
Upepo ukamvua kilemba, kile cha kijani,
kikapaa, kikatua majini,
kikaelea kidogo kama bata asiye na haraka.
Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, unakumbuka.
Watu wote wa meli wakageuza macho.
Mama akacheka hadi akashika nguzo.
Akaniambia, Maregesi, si una ramani wewe?
Weka alama hapo,
nikipona nitakuja kukichukua."

"Ukaweka."

"Ningefanyaje? Nilitumwa na mama."

Usiku nikaigusa ile nyota.
Ramani ikauliza kama inielekeze.
Nikakubali. Ikazunguka, ikazunguka,
kaduara kadogo kanakimbiza mkia wake,
mwisho ikakiri kwamba haioni njia.
Haikusema hakuna mahali.
Mahali ilikuwa inapaona vizuri kabisa,
imepapigia hesabu hadi tarakimu sita baada ya nukta,
maji ambayo tangu siku ile yamekwisha kwenda zake
na mengine yamekaa pale pale.

Sikuifuta.
Nikaona angalau niipe jina.
Nikaanza kuandika, herufi kwa herufi,
gumba langu bado linanuka mpira wa mtungi,
nimefika nusu ya neno simu ikaita:
maharage yamezimikiwa jikoni, hayajaiva,
wageni wameshanawa mikono,
tafadhali dada, fanya haraka,
Geti la Bluu.
La kweli.

Nikabonyeza hifadhi, nikapiga kiki.
Mpaka leo inasomeka hivyo, katikati ya ziwa,
kwa herufi ndogo ambazo lazima usogeze kioo uzione:
Kile.